Kidonge cha Sukari na Safari Yake Hadi Wabera

Wadi ya Wabera, katikati ya mji wa Isiolo, imepewa jina la Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya aliyeuawa Juni 1963, miezi michache kabla ya Kenya kujitawala. Mborana, Msomali, Mmeru, Mturkana na Msamburu wamekuwa wakikutana sokoni humo tangu zamani, na siku hizi hukutana pia kwenye benchi la kungojea kupimwa sukari. Wengi wao huondoka na dawa ileile: metfomini, kidonge cheupe cha kumeza pamoja na chakula. Bei yake ni nafuu na daktari huiandika bila kusita. Kutosita huko kulichukua miaka sabini na ushei kupatikana, na miili iliyokulipia haikuwa ya watu wa hapa.

Daktari mmisionari Albert Cook, aliyefungua hospitali ya Mengo, Kampala, mwaka 1897, aliandika mwaka 1901 kwamba kisukari kilikuwa nadra Uganda, lakini kikimpata mtu humuua. Hakukuwa na dawa. Insulini ilipatikana Toronto mwaka 1921, ikawaokoa wale ambao miili yao haiitengenezi kabisa. Kwa kisukari cha ukubwani, kile kilichoenea sasa katika miji yetu, tiba ilianzia kwenye mmea. Galega ni jani la mashamba ya Ulaya ambalo waganga wa kale walilitumia, na ndani yake mna kemikali inayoshusha sukari, ila ina sumu. Mwaka 1922 Emil Werner na James Bell, wakiwa Dublin, walitengeneza ndugu yake aliye mpole zaidi, ambaye ndiye metfomini. Hakuna aliyejali, kwa kuwa dunia nzima ilikuwa ikiitazama insulini. Ni mwaka 1957 tu ambapo Jean Sterne wa Paris alichapisha matokeo ya kuwapa wagonjwa dawa hiyo, akaiita Glucophage.

Sterne aliona sukari ikishuka. Lakini je, aliyeshushwa sukari ataishi zaidi? Wagonjwa wengi, na madaktari si haba, bado huyachanganya mambo haya mawili. Marekani ilipolipima swali hilo kwa jaribio kubwa la vyuo vikuu kadhaa, matokeo ya mwaka 1970 yaliwashtua wote: waliopewa tolbutamaidi, kidonge kilichoshusha sukari vizuri tu, walikufa kwa maradhi ya moyo zaidi ya waliopewa kidonge bandia. Ugomvi wa wataalamu ulidumu miaka mingi. Kisha fenfomini, jamaa wa karibu wa metfomini, ikaondolewa madukani Marekani mwaka 1977 kwa kuwa ilijaza damu asidi na kuua. Doa hilo liliiangukia metfomini pia. Marekani haikuiruhusu hadi mwishoni mwa 1994.

Aliyeisafisha ni Robert Turner wa Oxford. Kuanzia 1977 yeye na wenzake waliandikisha watu 5,102 waliokuwa wametambuliwa punde kuwa na kisukari, katika vituo 23 vya Uingereza, Scotland na Ireland ya Kaskazini, wakawagawanya wengi wao kwa kura: hawa chakula tu, hawa insulini, hawa vidonge. Uzuri wa kura ni kwamba daktari hapati nafasi ya kumpa dawa mpya yule anayemwona ana nguvu. Waliwafuatilia hadi 1997, na mwaka uliofuata walisimama mbele ya mkutano wa Barcelona na matokeo. Katika watu wanene, 342 waliopangiwa metfomini walilinganishwa na 411 waliopangiwa chakula tu. Vifo vya sababu yoyote vilipungua kwa asilimia 36, mishtuko ya moyo kwa 39.

Takwimu hizo ndizo zilizoiweka metfomini mbele ya dawa nyingine duniani. Tuzitazame tena: watu 342! Na mlemle katika ripoti kulikuwa na sehemu isiyotajwa mara nyingi. Wagonjwa 268 waliokuwa tayari wanatumia vidonge vya aina ya sulfonilurea waliongezewa metfomini, na vifo vyao vinavyotokana na kisukari vikakaribia maradufu ya vile vya wenzao wasioongezewa. Wengi walisema ni bahati mbaya ya hesabu, na huenda ndivyo. Lakini ni vigumu kuipokea bahati njema ya wale 342 na kuikataa mbaya ya hawa 268 kwa pumzi moja.

Kati ya kila wagonjwa 100 wa Turner, 81 walikuwa Wazungu, 10 wenye asili ya Bara Hindi na 8 wenye asili ya Afrika na Karibi. Sidhani ini la Mborana linaipokea dawa kwa namna ya ajabu. Kinachotofautiana ni maisha yanayoizunguka dawa.

Chukua maziwa ya ngamia. Kila asubuhi madebe hutoka Isiolo kwenda Eastleigh, Nairobi, na wauzaji hukuambia kwamba yanatibu sukari. Si maneno matupu. Huko Bikaner, India, wagonjwa 24 wa kisukari kinachohitaji insulini waligawanywa nusu kwa nusu, na waliokunywa nusu lita kwa siku kwa miaka miwili wakahitaji insulini pungufu. Ila walikuwa 24 tu, na kisukari chao kilikuwa cha aina nyingine.

Au chukua Ramadhani, isiyokuwamo katika mpango wa Oxford. Mwaka 2001 uchunguzi mmoja, ambao haukuwa jaribio la kura, uliwahoji zaidi ya wagonjwa 12,000 katika nchi 13 zenye Waislamu wengi. Karibu 79 kwa kila 100 wa kisukari cha ukubwani walifunga siku 15 au zaidi, na sukari kushuka kwa hatari kuliongezeka mara saba na nusu. Metfomini peke yake mara chache huleta balaa hilo. Glibenklamaidi, kidonge kingine cha sukari ambacho mgonjwa wa Isiolo naye hupewa, huleta. Kati ya nchi hizo 13 Kenya haikuwamo, wala Tanzania.

Zamu ya Kenya nayo ilifika, lakini kwa swali tofauti. Kampuni ya Novartis ilipoanza mwaka 2015 kuuza dawa za maradhi ya muda mrefu, metfomini ikiwemo, kwa bei ya chini, watafiti wa Boston waliupima mpango huo kwa kura katika kaunti nane, Samburu jirani yetu ikiwa mojawapo. Matokeo ya 2019 yalionyesha kwamba metfomini ilipatikana zaidi kwenye vituo vya afya. Majumbani kwa wagonjwa hakuna kilichobadilika.

Wakati huohuo, Desemba 2018, serikali ilianza kujaribu huduma za afya bila malipo katika kaunti nne. Hizo hazikupatikana kwa kura. Kila moja ilichaguliwa kwa shida yake. Nyeri ilichukuliwa kwa ajili ya maradhi kama kisukari. Isiolo ilichukuliwa kwa ajili ya wafugaji wanaohamahama na akina mama wanaofariki wakijifungua.