Kuvu si Ukungu

Ngara ni wilaya ya vilima, na asubuhi za masika ukungu hulala mabondeni mpaka jua lipande. Huo ndio ukungu anaoujua kila mtu. Sasa mwambie mwenye kibanja kwamba mgomba wake una ukungu. Atautafuta juu ya majani, kama unga mweupe au vumbi la kijivu, na asipouona ataamua kwamba wewe ndiye hujui kitu.

Ndipo istilahi ya kuvu inapopata kazi. Kuvu ni kiumbe ambacho si mmea, si mnyama, wala si bakteria. Kina nyuzi nyembamba zinazopenya ndani ya kile kinachokula, na huenea kwa chembe ndogo mno ziitwazo spora. Ukungu ni kuvu iliyokwisha kujitokeza ikaonekana kwa macho, kwenye mkate uliolala au ukuta wenye unyevu. Ama fangasi, neno hilo limeshachukuliwa na zahanati. Ukilitaja kwa mkulima wa Biharamulo atafikiria vidole vya miguu. Mimi ningeliacha huko huko.

Lugha ya shambani yenyewe ina utajiri wake: ubwiri unga, kutu ya majani, chulebuni ya kahawa. Yote ni majina ya dalili, na nyuma ya kila moja kuna kuvu. Baka jani chelewa ya viazi imeingia kundini kimakosa, kwa kuwa kinachoisababisha kinafanana na kuvu tu. Kwa nasaba kiko karibu zaidi na mwani wa kahawia wa baharini. Hata hivyo dukani utauziwa dawa ya ukungu, na ikiwa ni ya kinga na umewahi kupulizia, itakusaidia.

Neno linalonitia wasiwasi ni mnyauko. Mkoani Kagera limebeba magonjwa yasiyo na undugu. Mnyauko fusari wa kahawa, ulioingia mkoani mwaka 1997 na kuua mibuni mingi ya robusta, unatokana na kuvu. Mnyauko wa Panama wa migomba nao ni wa kuvu, ya jamii hiyo hiyo ya fusari. Lakini mnyauko ulioripotiwa Muleba mwaka 2006, baada ya kuonekana Uganda mwaka 2001, ni wa bakteria. Wengi huuita unyanjano. Kusema mgomba umepata mnyauko na kuishia hapo ni kutaja jina bila ukoo.

Ukoo huo unasomeka kwenye mgomba wenyewe. Fusari huanza na majani ya chini, yaliyokomaa: yanageuka manjano, yanavunjika shingoni na kuning'inia kulizunguka shina, ambalo mara nyingine hupasuka karibu na ardhi. Likikatwa, mishipa yake ya maji ina rangi ya kahawia au wekundu. Unyanjano hutoa usaha wa njano kwenye mkato. Ndizi huiva kabla ya wakati, na ukizikata ndani zimebadilika rangi. Aina ya mgomba nayo inasema kitu. Migomba ya matoke ya nyanda za juu inahimili fusari iliyozoeleka kwetu. Zinazougua ni ndizi sukari, Gros Michel na ile ambayo Waganda huiita kayinja. Unyanjano hauchagui. Kwa hiyo matoke yakinyauka, mshuku bakteria kwanza.

Kiuakuvu ni istilahi nzuri kwa sababu inataja mpaka wake: kinaua kuvu, basi. Mrututu na dawa nyingine za kopa hukaa juu ya jani na kuzuia spora zisichipue. Haziifuati fusari ndani ya mishipa wala udongoni, ambako hudumu miaka mingi hata mgomba ukishang'olewa. Hapo tegemeo ni machipukizi safi na aina zinazohimili. Kwa unyanjano, mkulima huondoa ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya panga, hupitisha panga motoni kila anapohama shina, na kuliondoa shina lililougua. Akiwa amepulizia kiuakuvu, amepoteza fedha na msimu, na panga lake linaendelea kuhamisha ugonjwa.

Ua la kopo barazani lina kisa chepesi zaidi, nalo pia huenda lisihitaji kiuakuvu. Mizizi yake ikioza, mara nyingi kopo halina tundu la kutolea maji. Litoboe, kata mizizi iliyolainika, badili udongo, kisha usimwagilie mpaka udongo wa juu ukauke.