Wakfu, Ruzuku na Faida: Historia Fupi ya Maneno ya Mwombaji

Haja ya kuandika makala haya imetokana na karatasi moja iliyofika mezani petu. Kikundi cha akina mama wa kijijini, waliokuwa wakitaka fedha za kuchimba kisima, walijaza fomu ya maombi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Katika mstari wa kwanza walitakiwa kuthibitisha kwamba wao ni “shirika lisilo na faida”. Wakathibitisha. Mfasiri alikuwa amefuata maneno ya lugha ya kigeni moja baada ya jingine, wala hakujiuliza Mswahili atasikia nini. Mswahili asomaye maneno hayo husikia jambo moja tu, nalo ni kwamba shirika hilo halifai kitu. Hivyo mwombaji alijitia ila kwa mkono wake mwenyewe kabla hajaulizwa swali la pili.

Kosa hili si la bahati mbaya tu. Limetokana na kusahau kwamba maneno ya kutoa na kupokea yana historia yake katika lugha yetu, na historia hiyo ni ndefu kuliko ya fomu.

Tuanze na wakfu. Neno hili limetokana na shina la Kiarabu lenye maana ya kusimama au kusimamisha. Katika mwambao wetu mwenye mali aliweza kulisimamisha shamba lake la minazi au nyumba yake: lisiuzwe, lisirithiwe, lisitolewe zawadi, bali mazao yake yatumike kwa msikiti, kwa chuo cha Kurani, kwa maskini au kwa kizazi chake. Mambo mawili hapana budi yatazamwe hapa. Kwanza, asili hubaki na mavuno ndiyo hutolewa. Pili, huwapo msimamizi anayetakiwa kutimiza sharti la aliyeweka, wala si matakwa yake mwenyewe. Zanzibar hata leo ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Waingereza nao walikuja na desturi yao. Sheria yao ya mwaka 1601 ilitaja shughuli za hisani zilizostahili kulindwa, na katika hukumu mashuhuri ya mwaka 1891 mahakama yao ya juu ilizigawa katika mafungu manne: kuondoa umaskini, kuendeleza elimu, kuendeleza dini, na mambo mengine yenye manufaa kwa umma. Fikra hii iliingia Afrika Mashariki pamoja na sheria za kikoloni.

Mkondo wa tatu ulitoka Marekani. Mwaka 1907 Bibi Anna T. Jeanes wa Philadelphia alitoa dola milioni 1 kwa ajili ya shule za vijijini za Wamarekani weusi wa Kusini. Mwaka 1911 zikaundwa Phelps-Stokes Fund na Carnegie Corporation. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, ambayo James Aggrey wa Gold Coast alikuwa mmoja wa wajumbe wake, ilizuru Afrika Mashariki kuchunguza elimu. Mwaka uliofuata ikafunguliwa huko Kabete, Kenya, shule ya kufunza walimu wa vijijini iliyopewa jina la Jeanes, na Carnegie ikachangia gharama zake. Baadaye Ford Foundation ikalipia uchunguzi mkubwa wa lugha katika nchi tano za Afrika ya Mashariki, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1960, na kitabu kilichohusu Tanzania kikatoka mwaka 1980. Kumbe hata sisi wa taaluma ya lugha tumo katika historia hii.

Hebu sasa tuulize: vyombo hivi tuviite nini? Wengine husema “msingi”, kwa kuwa ndiyo maana ya kawaida ya neno la Kiingereza. Lakini msingi ni wa nyumba au wa hoja. Haumlipi mtu fedha. Katika Kenya limeenea neno wakfu. Huku Tanzania twasema zaidi taasisi, kama ilivyo Taasisi ya Mwalimu Nyerere iliyoanzishwa mwaka 1996. Neno taasisi halina kosa, ila ni pana mno, kwani chuo ni taasisi na benki ni taasisi. Wapo wanaohofu kwamba wakfu ni neno la dini moja. Hofu hiyo haina nguvu, maana Wakristo nao huwaweka wakfu maaskofu na makanisa yao, na hakuna anayestuka. Aidha, mtindo wa vyombo vya Marekani vyenye akiba yao ni uleule wa shamba la minazi: akiba hutunzwa, na sheria ya kodi huvitaka vitoe kila mwaka kiasi cha asilimia 5 ya thamani ya rasilimali zao. Lakini chombo kisicho na akiba, kinachokusanya michango ya wengine na kuigawa, si wakfu. Hicho ni mfuko.

Na kinachotolewa je? Ruzuku ni ndugu wa riziki. Asili yake ni kile ambacho Mungu humjalia kiumbe wake. Serikali ililichukua neno hilo kwa fedha inazozipa shule, halmashauri na hata vyama vya siasa. Linafaa pia kwa fedha za wakfu, kwa sababu hazirudishwi. Hata hivyo lisichanganywe na hiba, ambayo mpewa huitumia apendavyo. Ruzuku hutolewa kwa shughuli iliyotajwa na hudaiwa hesabu. Msaada ni neno mama, lisitumike mahali ambapo mkataba unataka neno mahsusi.

Twarudi kwenye faida. Shirika la namna hii halikatazwi kupata ziada. Laweza kuuza vikapu likabakiwa na fedha. Linalokatazwa ni wanachama kugawana ziada hiyo. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya Tanzania, ya mwaka 2002, ilitaja kutotengeneza faida. Marekebisho ya mwaka 2019 yakaleta wazo la kutogawana faida, ambalo ni sahihi zaidi. Kenya ilipita njia nyingine: sheria yake ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika mwaka 2024, huyaita mashirika ya manufaa ya umma, yaani huyataja kwa yale yanayoyatenda badala ya yale yasiyoyatenda.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria nchini Tanzania. Haifai tena kusema kwamba fomu ni karatasi tu. Kwa hiyo twapendekeza yafuatayo:

1. Shirika lisilogawana faida, badala ya “lisilo na faida”.
2. Wakfu, kwa chombo chenye akiba inayotunzwa. Mfuko, kwa kinachogawa michango ya wengine.
3. Ruzuku, kwa fedha zisizorudishwa zenye sharti na hesabu; hiba, kwa zisizo na sharti.
4. Andiko la mradi, kwa maelezo anayoyapeleka mwombaji. Wanufaika, kwa watakaofaidiwa na mradi.

Wale akina mama tuliwashauri waandike hivi: “Sisi ni kikundi cha manufaa ya umma, hatugawani faida.” Mmoja wao alisoma, akasema kwamba ndivyo walivyotaka kusema tangu mwanzo. Twawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa serikali wayapime mapendekezo haya katika kazi zao, kisha watuletee maoni.