Machozi ya Ugenini: Tunayojifunza kwa Askofu Scalabrini na Mama Cabrini



Wapo miongoni mwetu wazazi ambao watoto wao wanaishi Ulaya, Marekani au nchi za Ghuba. Tunawaombea wapate kazi, vibali na afya njema. Ni mara chache tunaiombea mioyo yao. Aliye mbali akithubutu kusema kwamba ana huzuni, upesi anaambiwa amshukuru Mungu, kwani wengi wanaitamani nafasi yake. Juma hili tutafakari historia inayotuonyesha kwamba huzuni ya ugenini si utovu wa shukrani wala upungufu wa imani.

Kati ya mwaka 1880 na 1920, Waitalia zaidi ya milioni 4 waliingia Marekani, wengi wao wakikimbia umaskini wa vijijini. Askofu wa Piacenza, Giovanni Battista Scalabrini, alipita siku moja katika kituo cha reli cha Milano. Katika kijitabu alichokichapa mwaka 1887 alisimulia alichokiona: mamia ya watu waliovaa kimaskini, wazee, wanaume wenye nguvu na akina mama waliobeba watoto, wote wakingoja safari ya kwenda bandarini. Aliondoka pale na moyo mzito, akijiuliza awafanyie nini.

Barua zilizotoka ng'ambo zilimwongezea uchungu. Waliokwisha kufika waliandika kwamba waliishi na kufa kama wanyama, bila padre wala mwalimu. Tuangalie jambo hili vizuri. Watu hao walikuwa wameondoka kwa ajili ya njaa, lakini kilio chao hakikuwa cha mkate peke yake. Walilia kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuwabatizia watoto wala wa kuwazika wafu wao kama walivyozoea kwao.

Hata palipokuwa na makanisa Katoliki, kama mjini New York, upweke haukuisha. Mahubiri yalitolewa kwa Kiingereza, na mapadre wengi walikuwa wa asili ya Ireland. Katika baadhi ya parokia Waitalia waliwekwa kusali katika chumba cha chini ya kanisa, na maandamano ya watakatifu wa vijiji vyao yalidharauliwa. Mtu alikuwa ndani ya Kanisa lake mwenyewe, na bado ni mgeni. Ataungamaje dhambi zake, au kueleza msiba wake, kwa lugha ambayo hajui hata kuombea maji?

Tarehe 28 Novemba 1887 Askofu Scalabrini alianzisha shirika la wamisionari wa kuwahudumia wahamiaji. Mwaka 1891 ukaanzishwa bandarini New York utume chini ya jina la Mtakatifu Rafaeli, yule malaika aliyemsindikiza kijana Tobia safarini, ili anayeshuka melini apokelewe na mtu anayemwelewa.

Naye Mama Francesca Cabrini, aliyetamani kwenda China, alielekezwa na Baba Mtakatifu Leo XIII aende Magharibi. Alifika New York tarehe 31 Machi 1889 pamoja na masista sita. Nyumba haikuwa tayari, na Askofu Mkuu wa mji akamshauri arudi Italia. Hakurudi. Mwaka 1891 Waitalia 11 waliuawa na umati wa watu mjini New Orleans. Mwaka uliofuata Mama Cabrini aliwapeleka masista wake huko huko. Walifungua shule na nyumba za yatima, wakawatembelea wafungwa magerezani na wachimbaji migodini, wakizungumza nao kwa lugha ya nyumbani.

Mama huyu aliogopa maji tangu utotoni, lakini alivuka bahari zaidi ya mara ishirini. Mwaka 1909 alichukua uraia wa Marekani. Wahenga husema, mkataa kwao ni mtumwa. Ni kweli; ila aliyetia mizizi ugenini si lazima awe amekataa kwao.

Kanisa halikuisahau historia hii. Mama Cabrini alitangazwa mtakatifu mwaka 1946, na mwaka 1950 akawa msimamizi wa wahamiaji. Mwaka 1952 Papa Pius XII alielekeza kwamba wahamiaji wahudumiwe na mapadre wa lugha yao. Askofu Scalabrini naye alitangazwa mtakatifu tarehe 9 Oktoba 2022.

Ndugu zetu mlio mbali, msione aibu kulia. Lakini msilie peke yenu. Watafuteni wenzenu wa lugha moja, salini pamoja, pikeni pamoja, zikaneni. Msijifungie humo tu. Jifunzeni pia lugha ya wenyeji, kwani hapo ndipo watoto wenu watakapokulia.

Nasi tuliobaki nyumbani, tuchunguze simu tunazopiga. Je, swali letu la kwanza ni fedha za mwezi huu? Mtoto anayejua kwamba ataulizwa fedha tu, huficha machozi yake, na machozi yaliyofichwa humlemea mtu hadi akaanguka. Juma hili, kila mwenye ndugu ughaibuni ampigie simu asiombe kitu. Amwulize analala vipi, anakula na nani, anasali wapi. Kisha anyamaze, amsikilize.

Watakatifu Yohane Mbatizaji Scalabrini na Fransiska Cabrini, mtuombee.