Linux Imehang? Hivi Ndivyo Unavyoingia Ndani ya Keneli na Kutoka Salama

Mashine ya Linux ikigoma, wasee wengi hukimbilia kitufe cha pawa. Sawa, itawaka tena. Lakini ile shida iliyoisimamisha umeizima nayo bila kuiona, na kesho itarudi vilevile.

Kuna njia nyingine: simamisha keneli yenyewe, kisha uikague ikiwa imetulia. Keneli ndiyo roho ya mfumo, ile inayogawia programu zote memori, diski na prosesa. Chombo cha kuikagua kinaitwa dibaga, na Linux inayo yake kwa jina kdb. Iliingia rasmi kwenye keneli mwaka wa 2010, toleo la 2.6.35. Ndugu yake kgdb, inayohitaji mashine ya pili, ilitangulia 2008. Kabla ya hapo Linus Torvalds, baba wa Linux, alikuwa amekataa mambo ya dibaga kwa miaka mingi.

Jua mlango wa kutoka kwanza

Neno la kutoka ni `go`. Lishike kabla hujagusa kitu.

Ukiingia kdb, prosesa zote zinasimama. Netwaki imekufa, panya haisongi, muziki kimya. Kama hiyo ni seva ya malipo ya duka, wateja wote wanakwama hadi uandike `go`. Na kama umeingia kwa SSH ukiwa nyumbani, hapo ni noma: laini yako imeganda, huwezi kuandika chochote. Lazima mtu awe kwenye kibodi ya mashine yenyewe au kwenye waya wa siro, ile ttyS0. Kwa hivyo fanyia mazoezi kwenye mashine ya kuigiza, kama VirtualBox au QEMU. Seva ya kazi iache.

Hatua zenyewe (ukiwa root)

1. Angalia kama keneli yako ina kdb: `grep -E 'KGDB|KDB' /boot/config-$(uname -r)`. Tafuta `CONFIG_KGDB_KDB=y`.

2. Hama kwenye skrini ya maandishi kwa Ctrl+Alt+F3, maana kwenye desktop unaweza kuingia na usione kitu.

3. Iambie dibaga itumie kibodi: `echo kbd > /sys/module/kgdboc/parameters/kgdboc`. Kama unatumia waya, weka `ttyS0` badala ya `kbd`.

4. Ingia: `echo g > /proc/sysrq-trigger`.

Na kama mashine imeganda hadi huwezi kuandika? Bonyeza Alt+SysRq+g. SysRq mara nyingi iko kwenye kitufe cha PrtSc. Lakini ruhusa unaiweka mapema: `sysctl kernel.sysrq=1`. Namba 0 inafunga vitufe vyote, 1 inafungua vyote. Ubuntu huja na 176, ambayo haikubali hiyo g.

Uko ndani, sasa?

Utaona `kdb>`. Andika `ps` uone programu zilizokuwa zinafanya kazi, `bt` uone keneli ilifikaje hapo ilipo, `dmesg` usome ilichokuwa ikilalamikia, `lsmod` uone draiva zilizopakiwa. `help` inakupa orodha nzima. Piga picha ya skrini kwa simu, kisha `go`.

Ukikataliwa baadhi ya amri, angalia Secure Boot. Ikiwa imewashwa, keneli nyingi hujifunga.

Usiache mlango wazi

Mtu akiwa ndani ya kdb anaweza kusoma memori na hata kuibadilisha. Haombwi nywila. Kwa mashine ya ofisi au saiba, hiyo ni hatari tupu. Ukimaliza, funga: `echo "" > /sys/module/kgdboc/parameters/kgdboc`, na urudishe namba ya sysrq uliyoikuta.

Na ikikataa kabisa?

Bado usikimbilie pawa. Shika Alt+SysRq, kisha bonyeza s (inaandika data kwenye diski), u (inafunga diski zisiandikwe tena), halafu b (inawasha mashine upya). Pumua kidogo kati ya kila moja. Usianze na b, maana hiyo haingoji mtu na kazi ambayo haijahifadhiwa inapotea. Hizi tatu hata ile 176 ya Ubuntu inazikubali, kwa hivyo ziko tayari kwako leo.