Mbwa ni Wako, na Uchafu Wake ni Wako

Katika Kitabu cha Tobia tunasoma kwamba kijana yule aliposhika safari pamoja na Malaika Rafaeli, mbwa aliwafuata njiani. Na picha za Mtakatifu Roko, ambaye sikukuu yake ni tarehe 16 Agosti, humwonyesha akiwa na mbwa mwenye mkate kinywani. Masimulizi ya zamani husema kwamba Roko alipougua tauni na kukaa peke yake mwituni, mbwa huyo alimletea chakula. Basi sisi Wakristo hatuna sababu ya kumdharau mbwa. Ni kiumbe cha Mungu, mlinzi wa nyumba usiku, mwenzi wa mwindaji, tena rafiki wa watoto.

Lakini liko jambo moja juu ya mbwa ambalo watu huona haya kulitaja, nalo ni mavi yake. Leo tutalitaja bila haya, kwa sababu lina historia ndefu, na historia hiyo inatufundisha kitu juu ya upendo wa jirani. Swali letu ni hili: mbwa akichafua njia ipitwayo na watu wote, ni nani aondoe uchafu? Miji mitatu mikubwa ya dunia ililijibu swali hili, kila mmoja kwa namna yake. Tuitazame mmoja mmoja.

Uchafu wenye bei

Kwanza twende London, mji mkuu wa Uingereza, katikati ya karne ya 19. Mwandishi mmoja, jina lake Henry Mayhew, alizunguka mji ule akiwauliza maskini habari za kazi zao, na mwaka wa 1851 alizitoa habari hizo katika kitabu kikubwa. Kati ya watu aliowakuta walikuwamo wale ambao kazi yao ilikuwa kuokota mavi ya mbwa njiani. Aliwahesabu kuwa kati ya 200 na 300.

Je, ni nani aliyenunua kitu kama hicho? Walikuwa watengenezaji wa ngozi, hasa wale wa mtaa wa Bermondsey, ambako Mayhew alipata viwanda kama 30. Ngozi mbichi hulowekwa kwanza katika maji ya chokaa, ili manyoya yatoke. Lakini chokaa huivimbisha na kuifanya ngumu. Ndipo wafanyakazi walipoisugua kwa mavi ya mbwa mpaka chokaa ikatoka na ngozi ikalainika. Ngozi laini namna hiyo ilifaa kwa kushona glavu na kwa kufanya majalada ya vitabu vizuri. Ajabu ni kwamba watu wa kazi hiyo waliyaita mavi hayo kwa neno la Kiingereza lenye maana ya «safi», kwa sababu yalisafisha ngozi.

Ndoo moja ililipwa peni 8 mpaka 10, na mavi makavu yenye rangi ya chokaa yalipata hata shilingi 1 na zaidi, na shilingi moja ya siku zile ilikuwa peni 12. Wengine waliokota kwa glavu mkono wa kuume. Lakini wengi waliiacha, maana, kama walivyomwambia Mayhew, kunawa mikono ni rahisi kuliko kuiweka glavu katika hali ya kufaa. Wasomaji, mfikirie mzee akitembea tangu asubuhi na kikapu chake, macho chini, akitafuta mavi ya mbwa wa watu wengine ili apate mkate wa jioni!

Tusiseme basi kwamba siku zile zilikuwa njema. Kweli, uchafu mwingi uliondolewa njiani. Lakini haukuondolewa kwa wema wa wenye mbwa. Uliondolewa na njaa ya maskini. Tajiri alipita na mbwa wake bila kugeuka nyuma, na fukara alimfuata akiinama. Hilo ndilo jibu la kwanza: maskini aokote.

Uchafu unapoteza bei

Jibu hilo halikudumu. Katika Ujeremani alikuwako mtaalamu wa kemia jina lake Otto Röhm. Alichunguza ni kitu gani ndani ya mavi ya mbwa kinacholainisha ngozi, akatambua kwamba ni nguvu ileile inayoyeyusha chakula tumboni, ambayo wataalamu huiita enzimi. Nguvu hiyo aliweza kuipata katika kongosho la wanyama waliochinjwa. Mwaka wa 1907, pamoja na mwenzake Otto Haas, alianzisha kampuni katika mji wa Esslingen kwa kuuza dawa mpya ya ngozi, iliyoitwa Oropon.

Watengenezaji wa ngozi waliifurahia, maana haikunuka kama ile ya zamani, na kazi yake ilikuwa sawasawa kila siku. Hivi biashara ya mavi ya mbwa ilikufa kidogo kidogo. Hatuisikitikii, maana ilikuwa kazi ya kudhalilisha. Lakini tuangalie jambo moja: bei ilikwisha, mbwa hawakuisha. Mbwa waliendelea kuzaliwa na kutembezwa njiani, na sasa hakukuwa na mtu mwenye faida ya kuokota.

Neno la waganga

Kwa muda mrefu watu waliona mavi ya mbwa kuwa kero tu: yananuka, yanaharibu viatu. Katikati ya karne ya 20 waganga walionyesha kwamba ni zaidi ya kero. Mwaka wa 1950, bibi mmoja mtaalamu wa Marekani, Helenor Wilder, alichunguza macho ya watoto yaliyokuwa yametolewa kwa ajili ya ugonjwa, akakuta ndani ya baadhi yake vijidudu vidogo vya jamii ya minyoo. Mwaka wa 1952 Paul Beaver na wenzake, wa New Orleans, walieleza ugonjwa wa watoto unaoletwa na mnyoo wa mbwa uitwao toksokara, ambao watoto wake huzunguka ndani ya mwili wa mtu, katika ini na mapafu. Baadaye ilijulikana kwamba mnyoo huo ndio uliokuwamo pia katika baadhi ya macho yale.

Mwendo wake ni huu. Mbwa, hasa mtoto wa mbwa, hutoa mayai ya mnyoo pamoja na mavi. Mayai hayaonekani kwa macho. Siku ya kwanza hayawezi kumdhuru mtu, maana hayajakomaa. Lakini yakikaa udongoni majuma mawili au zaidi, hukomaa, na yanaweza kuishi humo miezi mingi, hata miaka, wakati mavi yenyewe yamekwisha kuoza na kusahauliwa. Mtoto akicheza mchangani na kutia vidole kinywani, huyameza. Wengi hawaoni dalili yo yote. Wengine hupata homa na kikohozi. Wachache hupoteza nuru ya jicho moja.

Hapa mwenye mbwa ajifunze neno kubwa: anayeondoa uchafu siku ileile, anauondoa kabla mayai hayo hayajapata nguvu ya kudhuru. Anayengoja mvua iufagilie mbali, hakuondoa hatari. Ameipanda katika udongo.

Sheria ya New York

Sasa tuvuke bahari tufike New York, mji mkubwa kupita yote ya Marekani. Mbwa wa mji ule walikuwa mamia ya maelfu. Tangu miaka ya 1930 serkali ya mji iliwaomba wenye mbwa wawapeleke kando ya barabara, penye mfereji, wasichafue njia ya waendao kwa miguu. Lakini mwenye mbwa hakulazimishwa kuokota kitu.

Miaka ya 1970 ilipoanza, bibi mmoja, Fran Lee, aliyejulikana kwa maneno yake katika televisheni, aliinua sauti. Alikuwa amesikia habari za toksokara, akaanzisha chama ambacho jina lake lilikuwa na maana ya «Watoto kabla ya Mbwa». Kwake kuokota peke yake hakukutosha. Alitaka mbwa wasijisaidie njiani kabisa. Wenye mbwa walikasirika sana, wakamzomea mikutanoni. Wengine waliogopa kwamba sheria kali itawafanya watu wawatupe mbwa wao. Baraza la mji likasita. Mwishoni sheria ilitungwa na bunge la jimbo, kule Albany, kwa ajili ya miji yenye watu 400,000 na zaidi. Ilianza kutumika tarehe 1 Agosti 1978, wakati meya alikuwa Edward Koch.

Maneno ya sheria hiyo ni mafupi: mwenye mbwa sherti aondoe uchafu wa mbwa wake njiani na mahali pote pa watu wote. Kipofu anayeongozwa na mbwa hakubebeshwa mzigo huu. Anayevunja sheria hutozwa faini, na siku hizi faini hiyo yaweza kufika dola 250.

Wengi walicheka. Walisema: nani atakubali kuinama mbele za watu? Tena polisi watamfuata kila mbwa? Ni kweli, polisi hawakuweza kumfuata kila mbwa. Lakini majirani walikuwa na macho. Mtu aliyeacha uchafu aliambiwa neno mlangoni pake, na aliyeokota aliwafundisha wengine kwa mfano wake. Kidogo kidogo aibu iligeuka: zamani aliona haya anayeinama, sasa anaona haya anayekwenda zake. Miji mingine mingi ya dunia ilifuata njia hiyo. Hilo ndilo jibu la pili: mwenyewe aokote.

Pikipiki za Paris

Mji wa Paris, katika Ufaransa, ulijaribu jibu la tatu: serkali iokote. Tangu mwaka wa 1982, wakati Jacques Chirac alipokuwa meya, watumishi wa mji walipita juu ya pikipiki zenye mashine ya kunyonya mavi ya mbwa njiani. Watu walizicheka, lakini zilikuwa kazi ya kweli, tena ya gharama kubwa. Hata hivyo ziliondoa sehemu tu ya uchafu, na nyuma yao mbwa wengine walichafua tena. Mwaka wa 2004 mji uliziacha, ukategemea kuwaonya wenye mbwa na kuwatoza faini. Sababu ni wazi. Mtu akijua kwamba mwingine atakuja kusafisha nyuma yake, haachi desturi yake. Mashine yaweza kunyonya uchafu. Haiwezi kunyonya uvivu.

Na sisi je?

Mtasema: hayo ni mambo ya Wazungu, ambao huwatembeza mbwa kwa kamba. Mbwa wetu hujiendea wenyewe. Ni kweli, lakini minyoo haiulizi desturi. Watoto wetu hucheza mpira bila viatu, na huketi chini kuliko watoto wa New York.

Tena tunao mfano karibu nasi. Katika inchi ya Waturkana, kaskazini-magharibi ya Kenya, waganga waliona watu wengi mno wenye uvimbe mkubwa wenye maji ndani ya ini. Unaletwa na tegu mdogo wa mbwa. Mbwa hula matumbo mabichi ya mbuzi au kondoo mwenye uvimbe huo, hupata tegu, hutoa mayai katika mavi yake, na mtu huyameza. Mayai ya tegu huyu hayangoji majuma: yana hatari tangu siku ya kwanza. Mwaka wa 1983 shirika la AMREF lilianza huko kazi ya kupigana na ugonjwa huo, kwa kutibu mbwa, kupasua wagonjwa na kufundisha watu.

Basi mwenye mbwa afanye nini? Kila asubuhi, kabla watoto hawajatoka kucheza, azunguke kiwanja chake na jembe au beleshi. Mbwa wake akichafua njia au uwanja wa kanisa, asijifanye hakuona. Achimbe shimo refu, mbali na kisima na mto, wala si katika bustani ya mboga, afukie vizuri. Anayekaa mjini penye mapipa ya takataka, afunge uchafu vema, autie humo. Anawe mikono kwa sabuni, na watoto wanawe kabla ya kula. Mbwa apewe dawa ya minyoo, wala asitupiwe matumbo mabichi ya mnyama aliyechinjwa. Wazee wetu walisema: mchuma janga hula na wa kwao. Uchafu tunaouacha kwa jirani hurudi nyumbani kwa miguu ya watoto wetu wenyewe.

Kuna wanaofikiri kwamba mambo hayo ni madogo, hayastahili kutajwa katika gazeti la dini. Wafungue Kumbukumbu la Torati, sura ya 23. Pale Waisraeli waliokuwa vitani waliamriwa kila mmoja achukue kijiti cha kuchimbia pamoja na silaha zake, atoke nje ya kambi, achimbe na kufukia uchafu wake. Na sababu iliyotolewa ni hii, kwamba Bwana mwenyewe hutembea katikati ya kambi. Mungu hakuona jambo hilo kuwa dogo mno kwa sheria yake.

Katika London kazi hii ilifanywa na fukara kwa ajili ya njaa, na katika Paris na mashine kwa feza ya watu wote. Kati ya majibu matatu, lililodumu ni lile la mwenyewe kuinama. Wala si kuinama kwa aibu. Anayeinama ili mtoto wa jirani asipoteze jicho lake, amefanya kazi ya upendo, hata kama hakuna aliyemwona. Sisi tunaotembea njia moja kwenda Misa, tumwachie anayekuja nyuma njia safi.