Fungu la Mchezo Uliokatizwa: Asili ya Hesabu ya Tarajio

Suala lililozaa hesabu ya tarajio lilikuwa la ugomvi wa mali kuliko la elimu. Watu wawili wameweka dau, mchezo umekatizwa kabla ya kwisha, wagawane vipi? Luca Pacioli, katika kitabu chake cha mwaka wa 1494, aligawa kwa kadiri ya ushindi ambao kila mmoja amekwisha kuupata. Tartaglia, katika mwaka wa 1556, alionyesha kasoro ya kanuni hiyo: mwenye ushindi mmoja, ikiwa mwenziwe hana hata mmoja, angechukua dau zima. Walakini yeye naye aliona jambo hili kuwa la hakimu kuliko la mwanahesabu. Wote wawili walitazama yaliyopita, na haki ya mchezaji imo katika yajayo.

Jawabu lilipatikana katika barua za Pascal na Fermat za mwaka wa 1654. Katika barua ya tarehe 29 Julai, Pascal atoa mfano: kila mchezaji ameweka sarafu 32, na atakayetangulia kushinda mara tatu atachukua zote 64. Wa kwanza ameshinda mara mbili, wa pili mara moja. Wakicheza tena, wa kwanza akishinda atapata 64. Akishindwa watakuwa sawa, naye atakuwa na 32. Basi 32 ni zake kwa vyovyote. 32 nyingine zina shaka sawasawa, nazo zagawanywa nusu kwa nusu. Haki yake ni 48, ya mwenziwe 16. Pascal akazidi kurudi nyuma: mwenye mbili kwa sifuri, aliye kati ya 64 na 48, ana 56, mwenye moja kwa sifuri ana 44.

Kwa njia ya Fermat, michezo miwili iliyosalia huhesabiwa yote, hata kama wa kwanza ulikwisha kuamua. Matokeo ni manne, matatu ni ya wa kwanza; na robo tatu za 64 ni 48. Roberval alipinga kuhesabu michezo ambayo haingechezwa. Pingamizi lenye maana, ingawa si sahihi.

Christiaan Huygens ndiye aliyefanya kanuni: mwenye njia p za kupata a, na njia q za kupata b, zote zikiwa sawa, ana thamani ya (pa + qb) ÷ (p + q). Aliandika kwa Kiholanzi. Katika tafsiri ya Kilatini ya Frans van Schooten, iliyotoka mwaka wa 1657, ndimo lilimotumika neno *expectatio*, yaani tarajio. Neno hili lapotosha kidogo: dadu moja ina tarajio la 3.5, namba ambayo hakuna mchezaji aitarajiaye, kwa kuwa haimo katika uso wowote.

Kiswahili kina neno lililo karibu zaidi na suala lenyewe. Nasibu, tulilolizoea katika bahati nasibu, latokana na Kiarabu, na huko maana yake mojawapo ni fungu la mtu katika kitu kigawanywacho.