Syria kwa Macho ya Waturuki: Kutoka Undugu hadi Ukuta

Mpaka wa Uturuki na Syria una urefu wa kilomita zipatazo 900, na sehemu kubwa yake haikuchorwa na mto wala mlima, ilichorwa na reli. Oktoba 1921 serikali ya Ankara ilikubaliana na Ufaransa, iliyokuwa ikiishikilia Syria, kwamba kuanzia stesheni ya Çobanbey hadi Nusaybin mpaka ufuate reli ya Baghdad, na reli yenyewe ibaki mikononi mwa Uturuki. Aliyekaa kaskazini ya mataruma akawa Mturuki, wa kusini akawa wa Syria. Mkabala na Nusaybin, mji wa kale, Wafaransa wakaanzisha mji mpya wa Qamishli, na familia zilezile za Wakurdi, Waarabu na Wakristo zikawa na mjomba huku na shangazi kule. Miaka ya 1950 Uturuki ikatega mabomu ya ardhini ili kukomesha magendo. Siku za Idi watu walisimama kwenye waya wakiitana kwa majina na kurushiana zawadi juu ya uzio.

Kwa hiyo vita vya Syria vilipoanza, mtu wa Akçakale, mji wa Uturuki ulio mpakani, hakuhitaji televisheni. Mizinga aliisikia akiwa jikoni kwake. Ankara ilivitazama kwa jicho jingine, na jicho hilo lilikuwa na kumbukumbu ndefu.

Damascus haikuwahi kumeza kwamba jimbo la Hatay liliingia Uturuki mwaka 1939. Kulikuwa pia na ugomvi wa maji ya mto Frati. Lakini kilichouma zaidi ni Abdullah Öcalan, kiongozi wa chama cha Wakurdi cha PKK, aliyekaa Syria kwa takriban miaka ishirini huku wapiganaji wake wakiishambulia Uturuki. Mwaka 1998 Uturuki ilisogeza majeshi mpakani, na rais wa Syria, Hafez al-Assad, akamtimua. Öcalan alitangatanga Ulaya akikosa pa kukaa, hadi Februari 1999 alipokamatwa Nairobi, baada ya kufichwa kwenye makazi ya balozi wa Ugiriki. Wakenya wa rika fulani hawajasahau sakata hilo.

Baada ya hapo uhasama ukageuka mahaba. Mwaka 2004 Bashar al-Assad, mwana wa Hafez, alikuwa rais wa kwanza wa Syria kuzuru Uturuki. Mwaka 2008 yeye na Recep Tayyip Erdoğan, waziri mkuu wa Uturuki, walipumzika na wake zao Bodrum, mji wa pwani. Mwaka uliofuata viza zikafutwa, na watu wa Aleppo wakamiminika kununua bidhaa Gaziantep.

Ndiyo maana maandamano dhidi ya Assad yalipozuka Machi 2011, Erdoğan aliamini angemshauri rafiki yake akasikia. Agosti waziri wake wa mambo ya nje, Ahmet Davutoğlu, alikaa na Assad kwa saa zaidi ya sita. Hazikuzaa kitu, na Novemba Erdoğan alimtaka hadharani ajiuzulu. Ankara ilikuwa imemwona Hosni Mubarak wa Misri akianguka kwa siku 18, ikadhani Damascus nayo ni suala la miezi. Hesabu hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo iliyoigharimu Uturuki kuliko risasi yoyote: mpaka ukaachwa wazi kwa waasi, na nyuma ya waasi wakapita wengine wasiotakiwa na mtu. Mei 2013 mabomu yaliua watu 52 mjini Reyhanlı, upande wa Uturuki.

Kisha ikaja Kobani. Mwishoni mwa 2014 wanamgambo wa Dola la Kiislamu waliuzingira mji huo wa Wakurdi, na vifaru vya Uturuki vikabaki vimesimama upande wa pili. Kwenye vilima vya Suruç Wakurdi wa Uturuki walikusanyika kila siku na darubini, wakitazama mtaa gani wa ndugu zao unafuka moshi. Kwao huo ulikuwa usaliti. Kwa Waturuki wengi, hofu ilikuwa Wakurdi wa Syria, wenye uhusiano na PKK, kupata dola lao mpakani. Tangu hapo Assad akawa adui wa pili. Agosti 24, 2016, vifaru vya Uturuki viliingia mji wa Syria wa Jarablus, miaka 500 kamili tangu Waosmani washinde vita vya Marj Dabiq na kuitwaa Syria, na ukuta wa zege ukawa unapanda mpakani.

Mitaani hoja ilikuwa nyingine kabisa. Kufikia 2021 Uturuki ilikuwa na Wasyria milioni 3.7. Kisheria hawakuwa wakimbizi, kwa kuwa Uturuki huwapa hadhi hiyo watokao Ulaya tu. Walikuwa chini ya ulinzi wa muda. Siku ya tatu ya ugeni ilipita zamani, na jembe walikwisha kulishika: walishona nguo na viatu viwandani kwa ujira mdogo. Lira ilipoporomoka na kodi za nyumba kupaa, lawama ziliwaangukia wao. Maduka yao yalivunjwa Altındağ, mjini Ankara, mwaka 2021, kisha katika mji wa Kayseri mwaka 2024. Hata Kemal Kılıçdaroğlu, mpole wa upinzani, alibandika mabango mwaka 2023 akiahidi kuwaondoa.

Desemba 8, 2024 waasi waliingia Damascus, na Assad akakimbilia Moscow. Siku chache baadaye İbrahim Kalın, mkuu wa ujasusi wa Uturuki, alisali katika Msikiti wa Umayyad, Damascus, mahali ambapo Erdoğan aliahidi mwaka 2012 kwamba wangesali karibuni. Wasyria wakaanza kufunga mizigo, na wenye viwanda wa Gaziantep wakaanza kuulizana nani atakayeshona viatu.